Blanketi la viraka vya kroshia: anza na kiraka kimoja

Baridi ya Njombe ikianza kuuma mwezi wa Juni, blanketi langu la viraka hutoka kabatini, na maswali hutoka nalo. Umelinunua wapi? Umefuma mwenyewe? Mimi sijawahi kushika sindano, naweza kweli? Nianze na uzi gani? Nimeyajibu mara nyingi sana kwa mdomo, juu ya vikombe vya chai, na nusu ya maelezo hupotea kabla mtu hajafika kwake. Sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Unaweza. Blanketi hili ni kitu kidogo kimoja kinachorudiwa mara nyingi, na kitu chenyewe ni kuhesabu mpaka tatu. Wote niliowaona wakishindwa, mikono yao ilikuwa mizuri tu. Walikuwa wanafuma huku wanaangalia tamthilia, hesabu ikawapotea. Tamthilia utaiangalia ukifika kiraka cha kumi.

Kiraka chenyewe ni ule mraba wenye matundumatundu unaofanana na vitambaa vya makochi. Ni mtindo wa zamani. Gazeti la wakulima la Marekani, Prairie Farmer, lilichapa maelezo yake mwaka 1885. Uzuri wake ni kwamba unakula mabaki, hata kauzi ka mita tatu kanapata kazi.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Sindano ya kroshia ya milimita 4 au 5. Namba imechapwa kwenye mpini. Usichukue ile nyembamba ya chuma ya kufumia vitambaa vya makochi, utazeeka kabla blanketi halijaisha.
- Uzi wa akriliki wa unene wa kati, ule wa kufumia sweta za shule. Kwa blanketi dogo, gramu 600 kwa jumla.
- Mkasi.
- Shazia, yaani ile sindano nene ya kushonea magunia. Ncha yake ni kali mno kwa kazi hii, kwa hiyo isugue kwenye jiwe mpaka iwe butu, isije ikapasua uzi.
- Futi ya kamba, ya mafundi cherehani.
- Daftari na kalamu.

Kuhusu uzi nina neno la ziada, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Nunua nyuzi zote za unene mmoja. Rangi zitofautiane utakavyo, lakini ukichanganya uzi mnene na mwembamba viraka vitatoka vikubwa na vidogo, na hutaweza kuviunganisha bila mikunjo. Mwanzo epuka uzi mweusi, kwa sababu usiku huoni vitanzi. Epuka pia uzi wenye manyoya marefu. Ni laini kweli, ila ukikosea haufumuki.

Kama mfuko hauruhusu, nenda mtumbani ukatafute sweta la kufumua. Kabla hujalipa, ligeuze ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ukiona kitambaa kilikatwa na mkasi kisha kikazungushiwa nyuzi nyembamba nyingi, liache, utapata vipande vifupi vifupi tu. Linalofaa ni lile ambalo ukingo wa kila upande umefumwa ukamalizika wenyewe, na mshono ni kama mnyororo unaoachia ukikata mahali pamoja. Ukishafumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke, kisha uutundike na kitu kizito chini. Ukikauka, yale mawimbi ya sweta yatakuwa yamenyooka.

CHAGUA RANGI KAMA UNACHAGUA KANGA

Kanga ina mji na ina pindo. Mji unaweza kupiga kelele utakavyo, pindo ndilo linaloishika pamoja. Fanya hivyohivyo. Ndani ya kila kiraka weka rangi yoyote uliyo nayo, lakini mzunguko wa mwisho wa viraka vyote uwe rangi moja. Mimi napenda bluu iliyokolea au kahawia. Rangi ya maziwa inapendeza kwenye picha, ila kwa vumbi letu jekundu utafua kila wiki.

Rangi ya pindo inakula uzi kuliko unavyodhani. Katika kiraka cha mizunguko mitano, mzunguko wa mwisho peke yake ni theluthi ya kazi yote. Ongeza uzi wa kuunganishia na wa ukingo, utakuta nusu ya uzi wote ni wa rangi hiyo. Kwa gramu 600, nunua gramu 300 za pindo kwa siku moja, duka moja, na uangalie kwenye karatasi ya kila bunda namba ya rangi na namba ya mkupuo (mabunda yaliyotiwa rangi pamoja) zifanane. Ukirudi mwezi ujao utapewa bluu nyingine na muuzaji atakuapia kwamba ni ileile.

MANENO MACHACHE

Cheni ni kitanzi kimoja kinachopita ndani ya kingine. Nguzo ni ule mfumo mrefu unaosimama, ndio tutakaoutumia zaidi. Nguzo fupi ni mdogo wake. Kishada ni nguzo tatu zilizoingia tundu moja. Kufunga ni kupitisha kitanzi mara moja kuunganisha mwisho wa mzunguko na mwanzo wake.

Ukiangalia video za mtandaoni, jihadhari. Wamarekani na Waingereza wanatumia majina yaleyale kwa mifumo tofauti. Nguzo yetu Mmarekani anaiandika dc, Mwingereza anaiandika tr. Na Mwingereza akiandika dc anamaanisha nguzo fupi. Watu wengi wamefuma kiraka kikatoka kidogo kama kifuniko cha chupa kwa sababu hiyo tu.

HATUA

1. Fanya cheni mpaka mkono uzoee. Funga kitanzi kinachoteleza kwenye sindano. Uzi upite juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kidole gumba na cha kati vikishika kazi. Zungushia uzi kwenye sindano, uvute upite ndani ya kitanzi. Hiyo ni cheni moja. Fanya hamsini, fumua, fanya tena hamsini. Cheni zako zilingane, na sindano iweze kuingia tena ndani ya kila moja bila kusukumwa. Wa mashoto afanye yote haya kinyume, kama anavyojiona kwenye kioo.

2. Jifunze nguzo. Fuma cheni 15. Zungushia uzi kwenye sindano, kisha ingiza sindano kwenye cheni ya nne ukihesabu kutoka kwenye sindano. Zungushia uzi, vuta. Sasa una vitanzi vitatu. Zungushia, pitisha kwenye viwili, vimebaki viwili. Zungushia, pitisha kwenye hivyo viwili, kimebaki kimoja. Nguzo imesimama. Endelea mpaka mwisho wa cheni. Mstari wa kwanza utakuwa mbaya. Wa kila mtu huwa mbaya.

3. Anza kiraka: pete. Chukua rangi ya kwanza, fuma cheni 4, ingiza sindano kwenye cheni ya kwanza kabisa na ufunge. Umepata pete ndogo. Kuanzia hapa sindano inaingia katikati ya pete, haiingii kwenye cheni zenyewe. Hili ndilo kosa la kwanza la kila anayeanza.

4. Mzunguko wa 1. Fuma cheni 3. Hizi zinahesabika kuwa nguzo ya kwanza. Ndani ya pete fuma nguzo 2. Umepata kishada. Fuma cheni 2, hiyo ni kona. Fuma nguzo 3, cheni 2. Nguzo 3, cheni 2. Nguzo 3, cheni 2. Funga juu ya zile cheni 3 za mwanzo, yaani kwenye cheni ya tatu. Simama uhesabu: vishada vinne, kona nne. Kata uzi ukiacha mkia wa sentimita 15, uvute upite kwenye kitanzi cha mwisho.

Usifupishe mkia. Najua uzi ni pesa, lakini mkia wa sentimita 5 hautashoneka, na blanketi litaanza kufumuka katikati likifuliwa mara ya pili.

5. Mzunguko wa 2. Badilisha rangi. Ingiza sindano kwenye tundu la kona yoyote, vuta uzi mpya, fuma cheni 3. Kwenye tundu hilohilo ongeza nguzo 2, cheni 2, nguzo 3. Kona moja imekamilika, na ina vishada viwili. Fuma cheni 1, nenda kona inayofuata: nguzo 3, cheni 2, nguzo 3. Cheni 1. Rudia mpaka kona ya nne, fuma cheni 1, funga. Mikia ya uzi ilaze juu ya ukingo unapofuma ili nguzo ziifunike; utajiokolea saa nyingi za shazia baadaye.

6. Mzunguko wa 3. Anzia kona tofauti na ile uliyoanzia mwanzo. Usipofanya hivyo maungio yote yatajipanga upande mmoja na kiraka kitakaa upogo. Kwenye kila kona fuma kama hatua ya 5. Kwenye kila tundu la ubavuni, kati ya kishada na kishada, fuma nguzo 3. Kati ya kila kishada na kinachofuata, cheni 1.

7. Mzunguko wa 4 na wa 5. Kazi ni ileile, matundu ya ubavuni yanaongezeka tu. Wa 5 ni wa rangi ya pindo.

Njia ya kujihakiki ni hii, na ukisahau mengine yote usisahau hii: idadi ya vishada kwenye kila ubavu, kutoka kona hadi kona, ni sawa na namba ya mzunguko. Mzunguko wa 3, vishada vitatu kila ubavu. Wa 5, vitano. Ubavu mmoja ukiwa na vinne, umeruka tundu mahali. Fumua mpaka hapo. Usiseme utarekebisha mzunguko ujao, haurekebishiki.

8. Pima. Kiraka cha mizunguko mitano kwa sindano ya milimita 4 kinakaribia sentimita 12 kila upande na gramu 10. Chako kikiwa 11 au 13 hakuna ubaya, mikono haifanani. Ubaya ni cha kwanza kuwa 11 na cha ishirini kuwa 13. Andika kipimo daftarini, na kiraka hicho kiwe mfano wa kulinganishia vingine vyote.

9. Fuma vingine. Blanketi dogo ni viraka 42, sita kwa saba, litakalotoka karibu sentimita 75 kwa 88 pamoja na ukingo. Mwanzoni kiraka kimoja kitakuchukua karibu saa nzima. Baadaye utafuma viwili kwa saa bila kuangalia. Kitanda cha tano kwa sita kinadai viraka 238 na uzi unaokaribia kilo tatu, kwa hiyo usianze nacho hata shemeji akikubembeleza. Nawajua watu wenye viraka sitini ndani ya mfuko wa Rambo tangu harusi ya mtu ambaye sasa ana watoto watatu.

Kila jioni maliza mikia ya siku hiyo. Ipitishe kwa shazia ndani ya nguzo upande mmoja kama sentimita 4, kisha uirudishe upande wa pili. Fundo peke yake halitoshi, huteleza. Viraka 42 vya rangi tano vina mikia 420. Ukiiachia mpaka mwisho utalichukia blanketi lako mwenyewe.

10. Panga kabla ya kuunganisha. Tandika mkeka, panga viraka vyote, kisha rudi nyuma hatua kadhaa uangalie. Vyekundu viwili visikae jirani, na vyeusi visijikusanye kona moja. Piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Hapo utaona upande gani umezidiwa na rangi nzito. Ukiridhika, kusanya viraka mstari kwa mstari, kila mstari uutungie kipande cha uzi chenye karatasi ya namba. Mtoto au paka akipita, mpangilio umesalimika.

11. Unganisha. Weka viraka viwili uso kwa uso, kona ikutane na kona, kishada kikutane na kishada. Kwa sindano ya kroshia na uzi wa pindo, fuma nguzo fupi ukipita kwenye viraka vyote viwili: ingiza sindano, vuta uzi upate vitanzi viwili, zungushia, pitisha kwenye vyote. Ukifika mwisho usikate, shika jozi inayofuata na uendelee. Unganisha mistari yote ya kulala kwanza, halafu geuza ufume ya kusimama. Kama fundi wa mikeka anayeunga ukili kwa ukili, usivute uzi. Ukivuta, viraka vitakuwa bapa lakini maungio yatajikunyata.

12. Ukingo. Zunguka blanketi lote kwa mtindo wa vishada: nguzo 3 kila tundu, kwenye kona nne kubwa nguzo 3, cheni 2, nguzo 3. Unapokuta maungio ya viraka viwili, weka nguzo 2 tu kila upande wa maungio, la sivyo ukingo utacheza kama rinda. Mzunguko wa pili, nguzo fupi pande zote. Inatosha. Mapambo ya mawimbi ongeza kwenye blanketi la pili.

13. Linyooshe. Lilowanishe kwa maji ya baridi, likamue kwa kulikunja ndani ya taulo, litandaze kivulini juu ya mkeka au godoro lililofunikwa plastiki. Vuta kona zikae sawa, zibane kwa pini zisizoshika kutu, uliache mpaka likauke kabisa. Usipige pasi. Akriliki ikipata moto mkali inalegea, inang'aa, na hairudi tena ilivyokuwa.

UKIKWAMA

Kiraka kinajikunja kama bakuli. Unakaza uzi, au umesahau cheni 1 kati ya vishada. Panda sindano kubwa zaidi, kutoka 4 kwenda 4.5 au 5.

Kinacheza mawimbi na hakilali. Nguzo zimezidi. Mara nyingi tundu moja limepata vishada viwili wakati si kona.

Kinageuka duara. Kona hazina cheni 2, au umeweka kishada kimoja badala ya viwili. Angalia mzunguko wa 2, hapo ndipo kosa hukaa.

Kina kona tano. Hutokea kwenye mzunguko wa 1, mtu akiwa anaongea. Fumua, ni dakika tano tu.

Tundu la katikati linapanuka. Mkia wa mwanzo haukushonwa vizuri. Uzungushe kwa shazia ndani ya pete mara mbili, uvute kidogo, halafu uufiche.

Sindano inagoma kuingia. Unavuta uzi kila baada ya nguzo. Acha. Kitanzi kipate ukubwa wake kwenye sehemu nene ya sindano, siyo shingoni.

Viraka havilingani. Vilivyopungua kidogo, chini ya nusu sentimita, vilowanishe uvivute na kuvibana kwa kipimo cha kiraka chako cha mfano. Kilichopungua sentimita nzima kifumue mzunguko wa mwisho, ukifume tena kwa sindano kubwa. Nilichogundua kwangu ni kwamba viraka vya usiku, nikiwa nimechoka, hutoka vidogo.

Uzi mwekundu unatoa rangi. Jaribu kabla hujaunganisha: lowanisha kiraka, kibane kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha alama, fua viraka vyote vyekundu peke yake mpaka maji yawe meupe. Ukigundua baada ya kuunganisha, umechelewa.

Uzi wa pindo umeisha zimebaki nguzo chache. Usiunganishe katikati ya ubavu na bluu ya karibu-karibu, itaonekana. Fumua ukingo wa nje, kisha ukingo uwe rangi nyingine tofauti kabisa, ionekane ulikusudia.

Blanketi ni la mtoto mchanga. Kagua kila mkia kwanza. Uzi uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukibana bila mtu kuona. Vidole pia hupenya kwenye matundu, kwa hiyo tumia sindano ndogo ili mfumo ubane. Limfae akiwa mapajani au mgongoni kwa mama. Usimwachie kitandani akiwa amelala peke yake.

Linarefuka kila likifuliwa. Unalianika kwenye kamba. Maji yana uzito, yanalivuta. Litandaze chini, na kama lazima kamba, basi kamba tatu zilizokaribiana, blanketi lilale juu yake kama kwenye kichanja.